Baiskeli Malindi mwaka mzima, itadumu?

Swali: Jamani, naishi Maweni, kazi iko karibu na soko. Nataka kuachana na bodaboda. Masika na chumvi ya bahari, baiskeli itahimili?

Jibu: Itahimili ndugu yangu, bora uijali cheni. Ilaze nje usiku mmoja tu, asubuhi utaona kutu nyekundu kwenye pini. Ifute kwa kitambaa kikavu, tia oili tone tone, kisha pangusa ya juu. Ikizidi inanasa mchanga. Aprili na Mei usikose madigadi, vile vikinga matope juu ya magurudumu.

Jibu: Na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likivuma, ukielekea Mayungu kusini mwa mji upepo wote usoni. Ondoka alfajiri, kabla haujachangamka.

Swali: Shukrani. Breki je?

Jibu: Raba zikilowa hazishiki upesi. Anza kubana mapema, kidogo kidogo.