Naunda upya Prince of Persia, mruko umenishinda

mwanga_umoja:
Wadau habari zenu. Niko na mradi wa kuunda upya Prince of Persia ile gemu ya zamani ya DOS (mfumo wa kompyuta kabla ya Windows), mjomba alikuwa nayo kwa kompyuta ya duka lake la kutoa kopi hapa Umoja na mimi nikitoka shule nilikuwa naketi pale kumwangalia tu akiruka mashimo. Ikiisha nataka niiachie kila mtu, sosi kodi yote wazi, yaani maandishi ya programu yenyewe. Nimeandika kwa lugha ya Python na Pygame, maktaba yake ya kutengeneza gemu, kuta ziko, miiba iko, jamaa anakimbia. Shida ni mruko. Kwa laptopi yangu anavuka shimo vizuri, kwa ya binamu yangu ambayo ina nguvu kuliko yangu anapaa anaenda kugonga ukuta wa mbele, na hata hapa kwangu haifanani na ya mjomba, huyu wangu ni kama hana uzito. Wiki mbili nabadilisha namba za mvutano wa ardhi bila mafanikio. Ni Python ndio mbaya, nihame? Nyinyi mngetumia nini?

fundi_wa_gemu:
Dada, Python haina makosa. Toa hiyo hesabu ya mvutano kwa mruko, yote. Kwa ile gemu mruko ni mfululizo wa picha, na katikati ya picha kuna amri ndogo ndogo, songa mbele pikseli kadhaa, panda kidogo, shuka, weka picha inayofuata. Kasi inayozidi kuongezeka unaihitaji akianguka shimoni tu. Jordan Mechner, aliyeiunda hiyo gemu, alimpiga mdogo wake David video akikimbia na kuruka halafu akachora fremu (picha) moja moja kutoka kwa hiyo video, kwa hivyo uzito unaoukumbuka ni wa mwili wa mtu kabisa, huwezi kuupata kwa fomula.

Hii ya mashine mbili ni kitu kingine. Nina uhakika unamsogeza mtu kila skrini inapochorwa, kwa hivyo kompyuta ikichora haraka na yeye anaenda haraka. Gemu ya DOS inapiga hatua 12 kwa sekunde, na kwa vita vya upanga 10. Tenganisha hivyo vitu viwili, mantiki iende 12, kuchora kuende vile mashine inaweza.

msomaji_kodi:
Naongezea kwa fundi. Kabla ya kuandika mstari mwingine soma SDLPoP. Watu walifungua programu ya DOS wakaigeuza kuwa lugha ya C juu ya SDL, maktaba ya picha na sauti, na kuna faili inaitwa seqtbl.c, hiyo ndio mruko wako wote uko ndani. Pia 2012 baba ya Mechner alipata diski za zamani zenye kodi ya toleo la 1989 la kompyuta ya Apple II, na Mechner akaiweka GitHub, tovuti ya kuwekea kodi, ni asembli ya 6502, yaani amri za chip yenyewe, si rahisi kusoma lakini maelezo yake mwenyewe yako mle na yanasaidia sana. Ramani nayo ni rahisi kuliko unavyodhani: kila ngazi ina vyumba 24, kila chumba vigae (vipande vya ramani) 10 kwa 3, jumla vigae 720, baiti moja inasema ni kigae gani, nyingine inasema hali yake.

Vifaa: DOSBox, inayoendesha gemu za DOS kwa kompyuta za leo, uwe na ya zamani pembeni ukilinganisha fremu kwa fremu. Ghidra, ya kufungua programu uone kodi yake, ni ya bure tangu 2019, lakini kwa gemu hii kazi ngumu ilishafanywa, mimi nisingeanzia huko.

Tafadhali angalia leseni. SDLPoP ni GPL, leseni ya kodi huru, ukinakili kutoka kwake na yako lazima iwe GPL. Na Mechner alisema mtu asome na abadilishe, ila hiyo haikupi haki juu ya gemu yenyewe, iko chini ya kampuni ya Ubisoft. Badilisha jina, chora picha zako.

reli_na_mabasi:
Hiyo ya picha usiiache hadi mwishoni. OpenTTD ilitoka 2004, Ludvig Strigeus akiigeuza Transport Tycoon Deluxe, gemu ya usafiri ya Chris Sawyer, kutoka asembli hadi C, na kwa miaka ulikuwa lazima uwe na faili za gemu ya asili ndio ucheze. Ni mpaka toleo la 1.0.0 mwaka 2010, watu walipokuwa wamechora picha huru za OpenGFX na kurekodi sauti za OpenSFX, ndio mtu angeshusha na kucheza moja kwa moja. Kodi bila picha huru haimfikii mtoto wa Kayole ambaye hana ile CD.

mwanga_umoja:
Asanteni sana jamani. Nimeweka hatua 12 usiku huu, mashine zote mbili anatua pale pale, binamu amerudia kama mara thelathini. Picha nitafanya kama Mechner. Jumamosi naenda na huyu binamu uwanjani na simu, nimemwambia avae fulana nyeupe, na kuna mtaro pale wa kuruka.