Naomba ushauri: simu inapoteza ulinganifu wa muda na mnara (LTE, yaani 4G)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaoifahamu LTE kwa undani.

Nina mtandao mdogo wa majaribio, mnara mmoja tu. Simu ikitulia, mawimbi yake yanafika mnarani kwa wakati. Ikiwa ndani ya gari linalopita kati ya majengo marefu, makosa yanaongezeka, kisha ulinganifu unapotea na simu inalazimika kuomba kuingia upya.

Kinachonitatiza ni hiki: hatua moja ya marekebisho ya muda (amri ya mnara kwa simu iwahishe au icheleweshe kutuma) ni kama mita 78 za umbali. Hata kwa kilomita 120 kwa saa, gari linahitaji zaidi ya sekunde mbili kuimaliza. Lakini makadirio ya mnara yanaruka hatua tatu au nne, mbele na nyuma, ndani ya sekunde moja! Nahisi tunashika mwangwi wa kuta badala ya njia ya kwanza, yaani mawimbi yanayotangulia kufika.

Nimejaribu kutuma marekebisho mara nyingi zaidi, hali ikawa mbaya. Kurefusha taima (muda ambao simu inahesabiwa bado ina ulinganifu bila marekebisho mapya) kumepunguza maombi ya kuingia upya, ila makosa yako palepale.

Je, nichukue kilele cha kwanza cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa kinachovuka kizingiti badala ya kile kikubwa kuliko vyote? Na kizingiti hicho nikipange vipi mawimbi yanapokuwa dhaifu?