Ushauri: vifurushi vya nyongeza vimesakinishwa, nyaraka zake hazionekani, na mashine hazina intaneti

Taa ya Kandili
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia mashine za Linux ambazo wanafunzi wanajifunzia takwimu kwa R, na kwa makusudi hazijaunganishwa na intaneti. Vifurushi nilivisakinisha kabla ya kukata mtandao: vingi kutoka CRAN (hazina rasmi ya vifurushi vya R), vitatu kutoka GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo) kwa `remotes::install_github()`. Vyote viko ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mashine) la Debian aina ya slim.

Vinafanya kazi vizuri, kilio changu ni nyaraka. Nikiandika `?` na jina la funkshini, ukurasa wa msaada unafunguka. Ila `browseVignettes()` kwa vile vitatu haioni kitu, wakati vya CRAN makala zake ndefu za mifano zipo. Tena `/usr/share/doc` ni kama imefagiliwa, na kurasa za `man` hakuna.

Wiki iliyopita mwanafunzi alikuja na kurasa alizochapisha kutoka tovuti ya kifurushi kimoja. Kumbe zilikuwa za toleo jipya zaidi. Alihangaika saa mbili na kigezo ambacho toleo letu halina kabisa. Iliniuma, maana kosa halikuwa lake. Nifanyeje nyaraka zikae pamoja na kifurushi, za toleo lilelile?

Mjenzi
Pole sana mkuu. Hayo ni matatizo mawili yasiyohusiana, nianze na la R.

Kifurushi kinapofika CRAN, mtunzi ameshakijenga kwa `R CMD build`. Makala zimeshapikwa na zimo kwenye `inst/doc`, wewe ukisakinisha zinanakiliwa tu. Kwenye Git mara nyingi kuna malighafi peke yake, zile faili za Rmd katika folda ya `vignettes`, na `remotes` usipoiagiza huruka hatua ya kuzipika. Kurasa za `?` unaziona kwa sababu zenyewe hutengenezwa wakati wa kusakinisha. Iagize hivi:

`remotes::install_github("mtunzi/kifurushi@v1.2.0", build_vignettes = TRUE, dependencies = TRUE, force = TRUE)`

Usiache `dependencies = TRUE`. knitr na rmarkdown, zinazopika makala, kwa kawaida zimeorodheshwa chini ya Suggests (vifurushi vya hiari), na bila agizo hilo haziletwi. Pandoc, programu ya kubadilisha miundo ya nyaraka, nayo iwepo kwenye mashine. `force` ni kwa sababu kifurushi unacho tayari. Bila hiyo utaambiwa hakuna kilichobadilika na kazi itaishia hapo. Baada ya alama ya @ weka lebo ya toleo unalofundishia, ndipo makala na msimbo vitakuwa vya siku moja.

Kifaru Mweusi
Naongezea kwa Mjenzi: usirudie kazi hiyo kwenye kila mashine. Kwenye kompyuta moja yenye mtandao chukua msimbo wa lebo ile, endesha `R CMD build`, upate faili moja ya `.tar.gz` yenye makala ndani. Ibebe kwa flashi, kisha `R CMD INSTALL` kila mahali. Vifurushi vinavyotegemewa viwe vimeshasakinishwa.

Mama Seva
Upande wa Debian: kontena za slim zimepunguzwa makusudi. Angalia `/etc/dpkg/dpkg.cfg.d/`, utakuta faili yenye mistari ya `path-exclude` inayotaja `/usr/share/doc` na `/usr/share/man`. dpkg, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, ikiona hiyo, inafungua kifurushi na kuacha nyaraka nje. Faili ya hakimiliki tu ndiyo inaachwa ipite, ndiyo maana folda haikuwa tupu kabisa. Ondoa mistari hiyo, kisha `apt install --reinstall` kwa vifurushi unavyovijali. Kuondoa mistari peke yake hakurudishi kilichokwisha kuachwa.

Tahadhari moja iliyowahi kunipotezea jioni nzima: `dpkg -L` huorodhesha hata faili zilizozuiwa, kwa hiyo usiiamini hapo. Tumia `ls`.

Wenye Fedora, mwenzake ni `tsflags=nodocs` kwenye `/etc/dnf/dnf.conf`.

Msoma Leseni
Kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau. Mwaka 2006 wanachama wa Debian walipiga kura, wakaamua kwamba nyaraka za leseni ya GFDL (leseni ya GNU ya nyaraka) zenye sehemu zisizoruhusiwa kubadilishwa haziwezi kukaa kwenye hazina kuu. Hadi leo `make-doc` iko non-free, hazina ya pembeni ya vitu visivyokidhi kanuni za uhuru za Debian. Ukitafuta mwongozo wa GNU make ukaukosa, huenda hujakosea popote, hazina hiyo tu haijawashwa. Binafsi naiheshimu kanuni ile, lakini inamwumiza mtu asiye na mtandao kuliko mwingine yeyote.

Taa ya Kandili
Wakuu, nimerudi. Vifurushi viwili kati ya vitatu sasa vina makala. Cha tatu kiligoma kwa sababu makala yake yenyewe inapakua data kutoka mtandaoni inapopikwa. Nilijaribu kwenye mashine isiyo na mtandao. Nikafuata njia ya Kifaru Mweusi, kikakubali. `man` nayo imerudi.

Na Python je? Tunatumia pip, kisakinishi cha vifurushi vyake, kidogo.

Mjenzi
Huko usitegemee makala ndefu, faili za wheel (vifurushi vya Python vilivyo tayari kusakinishwa) kwa kawaida hazizibebi. Maelezo yaliyomo ndani ya msimbo utayasoma kwa `python3 -m pydoc -b`, inafungua kwenye kivinjari bila intaneti. Ukitaka mwongozo kamili, chukua msimbo wa lebo ya toleo lako na ujenge nyaraka zake kwa Sphinx, programu ya kutengeneza nyaraka, kwenye ile kompyuta yenye mtandao. Folda ya HTML inayotoka, iweke kwenye mashine za wanafunzi, na jina lake libebe namba ya toleo.