Tupeane uzoefu: Mwanasiasa alipoleta pesa kanisani au msikitini kwenu, baadaye kulikuwaje?

Mwanzisha mada

Hamjambo nyote.

Jumapili nikitoka ibadani hutembea kwa miguu hadi stejini, na njiani ndiko mawazo yangu hunijia: bei ya unga, mambo ya bungeni, mahubiri niliyotoka kuyasikia. Siku hizi yote yanaishia mahali pamoja, kwenye mkoba wa mheshimiwa unaofunguliwa mbele ya madhabahu.

Habari kubwa za hapa Kenya tunazijua. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwanyima wanasiasa kipaza sauti kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno. Julai 2024, vijana wakiwa bado barabarani wakiandamana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Novemba mwaka huohuo yeye mwenyewe akatoa shilingi milioni 2.6 katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe, pamoja na laki mbili za Gavana Johnson Sakaja. Machi 2025 ikaja ahadi ya Rais ya milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana walikwenda kuandamana pale, na polisi wakawarushia vitoa machozi.

Hayo tumeyajadili hadi tukachoka. Mimi nauliza juu ya kinachofuata baadaye. Siku ya bahasha ni vigelegele tupu. Je, miezi sita baada yake, mwaka mmoja baada yake, kwenu kulibadilika nini? Naanza na langu.

Kanisa letu liko kando ya barabara ya Thika. Kabla ya uchaguzi wa 2022 mgombea mmoja alituletea mabati na viti vya plastiki, kisha akashinda. Mwaka uliofuata vibanda vya wauza mboga wa soko letu vikabomolewa usiku. Wengi wao ni akina mama wa kanisani kwetu. Tuna kikapu cha maombi mlangoni: unaandika ombi kwenye karatasi, mchungaji analisoma. Jumapili ile niliketi karibu na mama mmoja muuza sukumawiki. Alichana ukurasa wa daftari la mtoto, akaandika: "Mtuombee sisi wa soko turudishiwe nafasi zetu." Akaukunja mara nne, akautia kikapuni.

Mheshimiwa alikuwa kiti cha mbele. Mchungaji akasoma ombi la mgonjwa, la mtahiniwa, la msafiri. Akafungua ile karatasi ya daftari, akaitazama kitambo, akaisukuma chini ya Biblia. Akasema, "Mengine tuyaombee kwa jumla." Yule mama hakuondoka. Aliinamisha kichwa akaomba peke yake, midomo ikicheza.

Mchungaji wetu si mtu mbaya. Amewazika watu wetu, ameketi nasi matangani hadi usiku wa manane. Kwa sababu hiyo hasa jambo hili linaniuma. Sikuona mtu akimtisha. Alikuwa ameketi chini ya mabati yale.

Mwanakwaya, Nyeri

Langu fupi. Kwaya yetu ilishonewa sare na mgombea, rangi ya chama chake waziwazi. Tulipendeza, sikatai. Alipoanguka kura, mshindi akaja ibadani, na mwenyekiti wetu akatuomba tusizivae tena. Tuliimba Pasaka nzima kila mtu na nguo zake za nyumbani. Sare ziko kwenye gunia stoo, na walioshonewa ni waimbaji walewale waliokuwa wakichanga kidogo kidogo kununua zao. Mchango ule nao ulikufa, na hadi leo haujafufuka.

Ustadhi wa madrasa, Likoni

Assalamu alaykum. Kwetu mambo haya huja na Ramadhani: tende, unga, sukari, mafuta. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kubwa, na mimi simzuii tajiri wala mwanasiasa kuitafuta. Ila mwaka mmoja vijana wa mheshimiwa walikuja kabla ya lori wakiwa na daftari. Walitaka kila mwanamke aandike jina, nambari ya kitambulisho na kituo chake cha kupigia kura, ndipo apewe mfuko. Safu ilikuwa imeshajipanga ukutani, jua kali, wengine wamebeba watoto.

Sheikh wetu alitoka akasema mfuko upeanwe bila daftari, ama lori lirudi. Lori likarudi.

Msidhani watu walishangilia. Usiku ule baada ya Tarawehe tulisemwa vibaya sana. Mama mmoja aliniuliza, "Ustadhi, wanangu wafuturu kitambulisho changu?" Sikuwa na jibu la haraka. Kamati ilichangisha, wavuvi wakaleta samaki, lakini mwaka ule futari ilikuwa pungufu katika nyumba nyingi. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaodhani kukataa hakugharimu kitu.

Mnauliza baadaye kulikuwaje. Sheikh alitoa hotuba ya Ijumaa kuhusu ardhi na watu wanaoishi bila hati, jambo zito sana hapa Pwani, akataja dhuluma kama dhuluma. Hakuna aliyempigia simu kumwambia apunguze.

Mama wa Kitui

Poleni, lakini nyinyi wa mjini mnasema kama mtu aliyeshiba. Kabla ya kupata tanki kanisani kwetu, mimi na binti zangu tulichimba maji mchangani mtoni, na kiangazi kikikaza unachimba hadi shimo linakufika kiunoni. Mwanasiasa alileta tanki kubwa na mifereji ya kukinga maji ya paa. Leo watoto wa shule ya jirani wanakunywa hapo. Nani angeniambia nimrudishie?

Jina lake aliliandika kwenye tanki kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka. Sisi hatumdai wala hatudaiwi. Aliposimama tena, wengi wetu hatukumpa kura, na maji hayakukatika. Pengine tofauti ni kwamba mzee wetu wa kanisa ni mkaidi. Siku ya kulipokea alisimama akamwambia usoni: "Mheshimiwa, asante, hizi ni kodi zetu zimerudi nyumbani." Watu walinyamaza kwanza, kisha wakapiga makofi.

Kijana, Nakuru

Mimi nilikuwa Nairobi Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Wengine waliingia Bunge. Mimi sikufika huko, nilikuwa mitaa ya nyuma nikimvuta rafiki yangu aliyekuwa na risasi pajani. Kesho yake Rais akasema hatautia saini. Jumapili, tarehe 30, nilikwenda kanisani kwa mama nikitaka kitu kimoja tu, tuwaombee waliokufa.

Mhubiri alifungua Warumi 13 akahubiri utii kwa mamlaka kwa karibu saa nzima. Waliokufa hawakutajwa. Mbele ya ukumbi kulikuwa na vyombo vipya vya muziki ambavyo sote tulijua vimetoka kwa nani.

Sijarudi pale. Imani sijaiacha, nasali chumbani, na Jumapili nyingine naketi kiti cha nyuma katika kanisa dogo ambalo hata kinanda halina. Mama bado anakwenda kulekule na bado ananiuliza kila wiki kama nimekula na kama nimeomba. Rafiki yangu anatembea sasa, anachechemea.

Katekista, Nairobi

Baada ya agizo la Askofu Mkuu Anyolo, parokiani kwetu (si Soweto) paroko alianza kusoma hesabu za ujenzi kila mwezi, shilingi kwa shilingi, hata bei ya misumari. Jumuiya ndogo ndogo zikapewa kila moja sehemu yake. Kazi inakwenda polepole, na wapo wanaonung'unika kwamba tungekuwa tumemaliza. Ila waumini wanauliza maswali ambayo zamani hayakuulizwa: fundi alilipwa ngapi, saruji iliyobaki iko wapi. Aliyezoea kumuuliza paroko juu ya saruji hachelewi kumuuliza mwakilishi wadi wake juu ya barabara. Nimeona hilo kwenye mkutano wa wadi kwa macho yangu.

Mwanzisha mada

Mama wa Kitui, maneno yako nimeyasoma mara mbili. Hakuna mtu mwenye haki ya kukwambia umwage maji yale. Naona pia kwamba mzee wenu alifanya mbele ya watu kile ambacho mchungaji wetu hakuweza: aliita ile zawadi jina lake. Kwetu mabati yalipokelewa kama fadhila, na fadhila ina mwenyewe.

Kijana wa Nakuru, pole sana. Mwambie rafiki yako tumemtaja hapa na tunamwombea.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 8, inasema hakutakuwa na dini ya serikali. Nilizoea kuisoma kama ulinzi dhidi ya serikali kutulazimisha dini. Sasa naisoma pia kama ulinzi wa mchungaji na kikapu chake. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na mikoba imeshaanza kuonekana. Kamati yetu ya ujenzi inakutana mwezi huu. Nataka kupendekeza kwamba kiongozi yeyote atoe kwenye kikapu cha sadaka kama muumini mwingine, bila kutangazwa. Ustadhi, kamati yenu iliweka jambo hili kwa maandishi? Ingenisaidia sana kuwa na mfano mkononi.

Ustadhi wa madrasa, Likoni

Ndiyo, tuliandika, na haikuwa barua ndefu. Mambo matatu: sanduku la msikiti liko wazi kwa kila mtu siku zote, hatutoi majina wala nambari za vitambulisho za waumini, anayekuja kuswali anakaribishwa, na atakaa pale atakapokuta nafasi. Tuliibandika mlangoni na nakala tukawapelekea wagombea wote siku moja, asije mmoja akasema amelengwa yeye.

Ushauri wangu: isainiwe na kamati nzima. Ikisainiwa na mtu mmoja ataandamwa yeye, na jirani zake wenye njaa watakuwa wa kwanza kumlaumu. Na kabla ya kuibandika, wekeni akiba ya chakula. Sisi tuliibandika kwanza.