Oili gani inaifaa Peugeot 504 ya zamani hapa Malindi? Naomba ushauri kabla ya safari ya Mokowe

Msafiri wa Barani (mwenye uzi)
Assalaam aleykum ndugu zangu. Ninayo Peugeot 504 ya mwaka 1984, ile ya stesheni yenye viti vya safu tatu na injini ya petroli ya lita mbili. Niliirithi kwa marehemu baba yangu, ambaye aliitumia kubeba abiria kati ya Malindi na Mombasa, na injini yake haijafunguliwa chini tangu enzi zake. Nataka kubadilisha oili kabla ya kuelekea Mokowe kwa ajili ya Maulidi ya Lamu, nikiwa nimembeba mama mkubwa pamoja na jamaa wengine. Muuzaji wa vipuri ananiambia nitie 20W-50, mpwa wangu aliyesomea magari anasisitiza sintetiki ya 5W-30, na fundi wangu anataka nitie SAE 50 ya daraja moja pamoja na dawa ya kuifanya nzito zaidi. Naomba mnieleze ipi ni salama, kwa sababu siku zimekaribia na jambo hili limeninyima usingizi.

Kijana wa Muyeye
Waaleykum salaam, kaka. Tuanze na namba zenyewe. Namba inayotangulia herufi W hueleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na namba ya mwisho hueleza uzito wake injini ikishapata moto, ikipimwa katika nyuzi 100 za Selsiasi. Malindi hakuna asubuhi ya barafu, kwa hiyo 5W haikupi faida kubwa, ilhali 30 ni nyepesi kwa injini ya umri huo ambayo beringi zake zimeshalika. Chukua 20W-50 ya kawaida isiyo sintetiki. Jambo la pili ni kwamba kamshafti ya injini hiyo husukuma tapeti za bapa, na tapeti hizo hulindwa na viungo vya zinki na fosforasi vilivyomo ndani ya oili. Oili nyepesi za magari ya kisasa zimepunguziwa fosforasi ili zisiharibu kisafisha moshi kilichoko kwenye eksozi, kifaa ambacho gari lako halikuwahi kuwa nacho.

Dereva Mstaafu
Mwanangu, umenikumbusha mbali. Mimi niliendesha gari kama hilo miaka ambayo daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa, tukipanga foleni ya feri huku injini zikinguruma juani. Hapo ndipo ulipojua oili nzuri na mbaya, kwa sababu taa nyekundu ya oili ilianza kupepesa kwa aliyetia ya bei rahisi. Hayo ndiyo magari yaliyoshinda Safari Rally, mwaka 1975 dereva akiwa Ove Andersson na mwaka 1978 akiwa Jean-Pierre Nicolas, na hatukuwa na sintetiki wala dawa za chupa. Tia 20W-50, badilisha na filta, nenda zako.

Binti Gongoni
Ninyi wanaume mnajadili oili na hakuna aliyeuliza kuhusu maji. Sisi wa Gongoni tunaijua chumvi na kazi yake. Watu wengi wa pwani hii hujaza redieta kwa maji ya kisima kisha hushangaa hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini, ikiliwa kutoka ndani. Amana ya baba hutunzwa, kaka yangu. Tafadhali tuambie unatia maji gani.

Fundi wa Maweni
Dada hapo juu amegusa penyewe. Ndugu mwenye uzi, nijibu mambo mawili kabla sijakupa ushauri wa oili. Je, redieta hupungua maji bila kuvuja chini? Na je, ukikifungua kifuniko cha oili, upande wa ndani una rangi gani?

Msafiri wa Barani (mwenye uzi)
Nawashukuru nyote. Maji natia ya bomba. Kuhusu kupungua, gari lolote la zamani hunywa maji kidogo, na sioni kama hilo lina uhusiano na swali langu. Naomba turudi kwenye oili. Kuna yeyote aliyewahi kutumia SAE 50 pamoja na dawa? Fundi wangu anasema mchanganyiko huo hutengeneza utando mzito unaostahimili hata oili ikiwa imepungua nguvu.

Fundi wa Maweni
Imepungua nguvu kwa sababu gani? Umejibu nusu ya swali la kwanza na la pili umeliruka kabisa. Sitakushauri oili ya kumbebea mama yako mkubwa kwa zaidi ya kilomita 200, kupitia Garsen na Witu ambako ukikwama jioni msaada hauko karibu, kabla hujaniambia rangi ya kifuniko.

Msafiri wa Barani (mwenye uzi)
Haya, nitasema. Upande wa ndani wa kifuniko una utando wa rangi ya chai ya maziwa, na kijiti cha kupimia oili nacho kimeanza kuonyesha rangi hiyo. Oili haipungui, bali huonekana imepanda kidogo juu ya alama. Hata hivyo, fundi alifunga gasketi mpya ya hedi mwaka jana, kwa hiyo hapo hapawezi kuwa na tatizo, na yeye ameniambia ni unyevu wa pwani tu. Oili ya SAE 50 na ile dawa nimeshazilipia nusu ya bei. Mama mkubwa ameshawaambia watu wa Lamu kwamba anakuja na gari la marehemu shemeji yake, na mimi sina uso wa kumwambia vinginevyo. Nikiendesha polepole na kusimama kila mara, nadhani tutafika.

Kijana wa Muyeye
Gari hilo, kaka, lipewe pensheni kwanza, oili itafuata.

Mpenda Ukweli
Naomba radhi kwa nitakalosema, lakini nina mashaka na uzi huu. Mwenye uzi alianza kwa kutuambia kwamba injini haijafunguliwa, na sasa anatuambia kwamba hedi iling'olewa mwaka jana. Alianza na swali la oili tatu, na kila anapobanwa anairejelea ile dawa. Nimewahi kuona nyuzi za namna hii ambazo mwishowe hutaja jina la dawa, bei na duka inapouzwa. Ikiwa kuna gari, tuonyeshe ushahidi. Ikiwa hakuna, tusipotezeane muda.

Dereva Mstaafu
Mashaka yako yana msingi, lakini mbona mtu abuni hadithi inayomdhuru mwenyewe?

Msafiri wa Barani (mwenye uzi)
Bwana Mpenda Ukweli, sijataja jina la dawa wala duka, na sitataja. Nilisema injini haijafunguliwa *chini*, na nilimaanisha hivyo: krankshafti, beringi na slivu ni zile zile za enzi za baba. Kilichofunguliwa ni juu pekee. Baada ya sala ya alasiri nilikichomoa kijiti na kudondosha tone moja la oili juu ya bati nililolipasha moto kwenye jiko la makaa. Oili safi niliyoitia kwa kulinganisha ilitulia na kutoa moshi mdogo. Tone la gari langu lilitatarika na kurusha vijipovu mpaka ukingoni mwa bati. Mtu wa kubuni hangekaa juani kufanya hivyo.

Fundi wa Maweni
Mimi ninamwamini, maana kutatarika huko ni dalili ya maji ndani ya oili, na swali la Mpenda Ukweli limenisaidia kuliko alivyokusudia. Injini hiyo ina slivu za maji, yaani mitungi ya chuma inayochomeka ndani ya bloku huku maji yakiizunguka. Chini ya kila slivu kuna sili inayozuia maji yasidondoke kwenye karta, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na kinachoibana slivu hiyo juu ya sili yake ni hedi. Ukiing'oa hedi kisha ukaizungusha krankshafti bila kuzifunga slivu kwa vibano, pistoni huzinyanyua, sili za zamani huachana na mahali pake na hazikai tena vizuri. Gari huondoka gereji likiwa na gasketi mpya juu na tundu jipya chini. Nijibu: maji yalianza kupungua kabla au baada ya kazi ya mwaka jana?

Msafiri wa Barani (mwenye uzi)
Baada yake. Wiki chache baada yake.

Fundi wa Maweni
Basi hakuna namba ya oili itakayokuokoa. Unyevu wa pwani unaweza kuacha utando mwepesi chini ya kifuniko cha gari linaloendeshwa safari fupi fupi, lakini haupandishi oili juu ya alama wala haumalizi maji ya redieta. Maji yakiingia kati ya beringi na krankshafti, utando wa oili hukatika, chuma hugusa chuma, na SAE 50 iliyochanganyika na maji hukatika vilevile. Lisimamishe gari usiku kucha pasipo kuliwasha. Alfajiri, legeza bolti ya karta kidogo kidogo bila kuitoa, ukiwa umeweka beseni. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yaliyojitenga yatatoka mwanzo.

Msafiri wa Barani (mwenye uzi)
Nimefanya hivyo leo alfajiri. Yametangulia maji ya rangi ya kutu, karibu kikombe kizima, ndipo oili ikafuata. Nimemwonyesha mama mkubwa beseni lenyewe. Amesema atapanda basi na binti zake mpaka Mokowe, kisha wavuke kwa boti pamoja na wasafiri wengine, na kwamba gari lisitolewe kwa ajili yake. Muuzaji amekubali kubadilisha SAE 50 kwa oili nyingine, ila dawa amekataa kuirudisha. Je, nichukue oili gani kwa siku itakayotoka gereji?

Mpenda Ukweli
Nayaondoa mashaka yangu, ndugu yangu. Pole kwa usumbufu.

Fundi wa Maweni
Chukua za aina mbili. Ya kwanza iwe 15W-40 ya bei nafuu lakini yenye alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), itiwe baada ya sili kufungwa, iendeshe injini kwa safari fupi za hapa mjini, kisha imwagwe pamoja na filta ili isombe mabaki ya maji. Ya pili ndiyo 20W-50 ya kawaida kama ulivyoshauriwa mwanzoni. Lakini usinunue sili sasa. Mwambie fundi, na ikiwezekana awe mwingine, apime kwanza kimo ambacho kila slivu inachomoza juu ya bloku, kwa sababu sili hizo huuzwa kwa unene tofauti, na slivu moja ikikaa chini kuliko wenzake, gasketi ya hedi itaungua tena. Hedi nayo ipelekwe Mombasa kwa fundi wa mashine ikakaguliwe kama imepinda.