Maabara wanasema dhahabu ipo, zebaki haikamati. Naomba ushauri

Kijana wa Duara: Wakuu, habari za humu. Tuna duara letu, shimo la dhahabu, huku Geita, tuko wanne na mwenye shamba ana mgawo wake. Sampuli maabara ilisoma gramu 11 kwa tani. Tukasaga, tukaosha, tukatia zebaki: kilichotoka hata hela ya dizeli hakijarudisha. Jiwe lina rangi ya fedha, linameta, limekaa kwenye mwamba wenye mistari ya chuma. Nifanyeje? Nawasilisha.

Baba Mawe: Mlisagia karasha la nani, hiyo mashine ya kusagia mawe? Mimi 2014 nimelala juu ya mifuko yangu siku tatu na bado nikapigwa. Wenye karasha wanakula kwenye marudio, ule mchanga unaobaki. Jiwe lako halina shida, shida ni watu.

Mama Wawili: Vijana mngelima mpunga. Dhahabu haijawahi kumjengea shemeji yangu hata choo.

Mzee Nyundo: Pairaiti, ile dhahabu ya wajinga, ina unjano wa shaba. Ya rangi ya fedha nahisi ni asenopairaiti: chuma, salfa na arseniki, na arseniki peke yake ni kama 46% ya uzito. Zamani sana maji ya moto yalipanda kwenye nyufa yamebeba dhahabu iliyoshikana na salfa. Yakikuta mwamba wa chuma kama wenu, chuma kinainyakua salfa, dhahabu inakosa wa kuibeba. Nyingine inanasa ndani kabisa ya punje za hayo madini. Zebaki inakamata inachogusa tu, ya ndani haiifikii, na sayanaidi, ile dawa ya kuyeyushia dhahabu, nayo inahangaika. Ukiligonga na nyundo linanuka nini?

Kijana wa Duara: Kitunguu saumu mkuu. Tukichoma ndiyo zaidi.

Pilipili Kichaa: Ongeza iliki, hiyo pilau.

Mzee Nyundo: Mmechoma?

Kijana wa Duara: Kidogo tu. Kuna mzee alituambia jiwe kaidi lichomwe kwanza ndipo lifunguke. Tuna pipa na kuni nyuma ya nyumba. Upepo hauji kwetu lakini.

Mzee Nyundo: Mzee wenu hakudanganya, linafunguka kweli. Ila ule moshi mweupe ni arseniki trioksidi. Ukipoa ni unga mweupe, hauna harufu wala ladha, watu walikuwa wanaulia panya. Kule Yellowknife, Kanada, mgodi wa Giant ulichoma jiwe la aina hii miaka hamsini, na tani 237,000 za vumbi hilo zimebaki chini ya ardhi. Obuasi, Ghana, waliweka bakteria wafanye kazi ya moto. Kisima kiko wapi?

Kijana wa Duara: Hatua thelathini hivi. Ila maji tunachemsha. Na kuni za mwezi mzima nimeshalipia, hela ni ya kikundi cha mke wangu. Siwezi kuacha katikati.

Mzee Nyundo: Kuchemsha hakuiondoi arseniki. Maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Mtata Mmoja: Wakuu, hii chai. Kajiunga jana. Mtu wa Geita anauliza habari za zebaki humu badala ya kuuliza mwaloni wanakochenjulia? Halafu Mzee Nyundo anamjibu ndani ya dakika mbili kila mara. ID mbili, mtu mmoja, kesho wataleta namba ya kuuza dawa ya kuchenjulia. Tunataka picha ya pipa.

Pilipili Kichaa: Na ya pilau.

Mzee Nyundo: Nimestaafu, dakika ninazo. Kama mimi ndiye yeye, basi ule mkopo nadaiwa mimi.

Mama Wawili: Mtata naye kila uzi ni chai. Ule wa mirathi ulisema hivyo hivyo, ikawa kweli.

Kijana wa Duara: Picha jioni. Simu yenye kamera anayo mke wangu, yuko zahanati na mtoto. Tumbo tu la kawaida.

Mzee Nyundo: Tangu lini?

Baba Mawe: Hujanijibu bado, karasha la nani?