Naombeni ushauri: nakadiriaje gharama za safari za wajumbe wa bodi ya ushauri?

Mchumi_Kinda (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, naombeni mnisaidie maana kesho kutwa natakiwa kupeleka karatasi na nimekaa na hii Excel tangu asubuhi macho yananiuma. Niko taasisi moja ya serikali hapa Dodoma, kitengo cha mipango, nina miezi saba tu kazini. Tunaanzishiwa bodi ya ushauri, wajumbe 9, watakaa vikao 4 kwa mwaka, na hati ya kuianzisha inasema wajumbe hawana mshahara ila "watarejeshewa gharama za safari". Mimi ndo nimeambiwa niseme hiyo kitu itaigharimu serikali shilingi ngapi mwaka ujao wa fedha, kuanzia Julai 1.

Nilichofanya: watatu wanaishi hapahapa Dodoma nimewaacha. Sita wanatoka nje: Dar wawili, Mwanza mmoja, Mbeya mmoja, Arusha mmoja, Zanzibar mmoja. Kila mmoja nimempa usiku 2 kwa 250,000, hiyo ni milioni 3 kwa kikao. Nauli wa Dar nimeweka treni ya SGR 31,000 kwenda na 31,000 kurudi, Mwanza basi 50,000, Mbeya 45,000, Arusha 35,000, wa Zanzibar boti na SGR jumla 66,000, ukizidisha kwenda na kurudi wote sita inakuja 516,000. Kwaiyo kikao ni 3,516,000, mara nne ni 14,064,000.

Nimempelekea bosi kaangalia sekunde kumi akasema "weka 40". Nikamuuliza 40 imetokea wapi akasema nitaelewa nikikua. Sasa wakuu, mimi ndo nimekosea au yeye ndo anapiga ramli? Nisaidieni bila matusi tafadhali.

Ngosha wa Nzega

Ngoja nikae pale kwenye kona, huu uzi utanifaa na mimi.

Mama Masurufu

Mwanangu kwanza hongera umekaa chini ukahesabu, wengi wanachukua ya mwaka jana wanaongeza asilimia kumi wanaenda kunywa chai.

Nimekaa uhasibu miaka mingi ngoja nikuoneshe kitu. Angalia hesabu yako mwenyewe, nauli ni laki tano na kitu, usiku ni milioni tatu. Yani hata ukikosea nauli mara mbili hautaumia sana, ila ukikosea usiku mmoja kwa mtu mmoja umekosea milioni nzima kwa mwaka. Kwaiyo acha kuhangaika na bei ya basi la Arusha, hangaika na swali la nani analala na kwanini. Ile 250,000 ni kiwango cha juu cha posho ya kujikimu, yani hela ya kulala na kula safarini kwa siku, kilichotangazwa 2022, kabla ya hapo kilikua 120,000, cha chini kikatoka 80,000 kwenda 100,000. Sio kila mjumbe moja kwa moja ni wa juu. Tafuta waraka uone mjumbe wa bodi kama yenu anaangukia wapi, usiandike 250,000 kwa sababu ndo namba unayoikumbuka.

Na lingine, hayo maneno ya kwenye hati. Kurejeshewa gharama na kulipwa posho ya kujikimu ni vitu viwili. Kurejeshewa maana yake mtu katumia, analeta risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ya hoteli, tiketi, mnamlipa alichotumia. Posho ni kiwango, analala mtaa wa Kisasa kwa shemeji yake bure hela anabaki nayo na hakuna anayemuuliza. Ukiandika makadirio kwa posho halafu hati inasema kurejeshewa, mkaguzi akija hiyo ni hoja ya ukaguzi na utaitwa wewe sio bosi.

Kibajaji_Dom

Mkuu wa Dar kwanini alale siku mbili? Tangu SGR ifike Dodoma 2024 watu wanakuja kikao wanarudi siku hiyohiyo. Kikao mnaanza saa ngapi?

Mchumi_Kinda

Saa 3 asubuhi mkuu. Ndo maana nikaweka afike jana yake, na kikao kinaisha jioni ikabidi nimpe usiku wa pili.

Kibajaji_Dom

Basi sogezeni saa 5. Treni ya alfajiri inamleta, mimi nawabeba sana pale stesheni wanashuka na mabegi madogo wanaenda ofisini moja kwa moja. Analala usiku mmoja kama kikao kimechelewa, asubuhi anaondoka. Wawili, usiku mmoja mmoja, vikao vinne, hapo umeokoa milioni 2 kwa kusogeza saa tu.

Mzee wa Akidi

Hahaha Kibajaji umewanyima wazee hela ya mboga. Ila yuko sahihi.

Mimi nimekua katibu wa bodi kama hizo mbili kwa nyakati tofauti, nakupa yale ambayo Excel haikuoneshi. Kwanza huyo wa Mwanza. Barabara ni kama kilomita 700, anapanda alfajiri anafika usiku. Wajumbe wa bodi za ushauri ni watu gani? Wastaafu, maprofesa, wenye magoti mabovu. Tulikua na mzee mmoja alikuja kwa basi mara moja, kikao kizima akawa amesimama nyuma ya kiti kashika mgongo, mwenyekiti akamuuliza mzee vipi, akasema "mimi kikao kijacho nitumieni ndege au nitumieni barua ya kuniaga". Ikawa ndege. Kwaiyo Mwanza na Mbeya weka ndege kabisa, na kumbuka mara nyingi anazungukia Dar. Mimi ningeweka laki 6 kwenda na kurudi kila mmoja na bado naona nimebana.

Pili vikao 4 ni vya kwenye karatasi. Kuna kikao cha kwanza cha kuwatambulisha, kuna cha dharura waziri akitaka ushauri wa haraka, kuna kilichoahirishwa kwa kukosa akidi, na hapo ndo penye uchungu maana wajumbe wanne walishafika, wameshalala, wameshakula, mnawalipa na kikao hakijafanyika. Bodi yetu ya vikao vinne ilikaa sita.

Tatu ziara. Hujaandika ziara! Bodi ya ushauri haiwezi kushauri kitu haijakiona, mwaka hautaisha watataka kwenda kuona mradi. Hapo hata wale watatu wa Dodoma wanalala nje, na madereva, na watumishi wa kuandika ripoti, na mafuta.

Mchumi_Kinda

Duh. Ziara sikuifikiria kabisa mkuu.

Nairobi_Tu

Salamu kutoka Kenya. Kwetu hapa viwango havipangwi na taasisi yenyewe, kuna tume ya mishahara, SRC, imewekwa kwenye katiba ya 2010, hiyo ndio inaamua. Lakini nawaambia ukweli kiwango kikishikwa watu huongeza idadi ya vikao. Ukibana hapa inafurikia pale. Kwa hivyo kama uko na nafasi, pendekeza hati iandikwe vikao visizidi idadi fulani kwa mwaka bila kibali.

Boksi la Ohio

Wakuu niko Marekani, kazi ninayofanya inagusana na haya mambo kidogo. Huku mswada wa kuanzisha bodi ukipelekwa bungeni kwenye majimbo mengi lazima uambatane na karatasi ya makadirio ya gharama, na sentensi ya hati yenu ni kama wamenakili ya huku, wajumbe hawalipwi ila wanarejeshewa safari. Mchambuzi anachukua wajumbe mara vikao, mara maili za gari kwa kiwango, anajumlisha hoteli na chakula. Kiwango cha maili kwa 2025 kilikua senti 70, kinatangazwa na watu wa kodi, basi hakuna ubishi. Na serikali kuu ina sheria ya kamati za ushauri ya 1972, kila kamati lazima iseme kwenye hati yake inatarajia kutumia kiasi gani kwa mwaka pamoja na muda wa watumishi wanaoihudumia. Hilo la mwisho ndo watu wa nyumbani tunalisahau, katibu wa bodi anakula wiki mbili kuandaa kikao cha siku moja na mshahara wake hauonekani popote.

Ila msidhani huku ni malaika. Kuna karatasi nyingi zinaandikwa gharama ni ndogo zitabebwa na bajeti iliyopo, basi, imeisha hiyo.

Mama Masurufu

Hiyo ya "itabebwa na bajeti iliyopo" hata kwetu ipo, inaitwa kuhamisha hela za kifungu kingine cha bajeti mwezi Mei 😂

Mwanangu usisahau pia mjumbe anayekuja kwa cheo chake, yule wa kutoka wizarani. Mara nyingi ofisi yake inamlipa safari na nyie mnamlipa, hela mbili safari moja. Andika kabisa kwenye dokezo kwamba mwenye kulipwa na mwajiri wake halipwi na bodi.

Ngosha wa Nzega

Na Zoom je? Vikao viwili mtandaoni, viwili ana kwa ana, umekata nusu.

Mzee wa Akidi

Zoom tulijaribu. Akidi ilitimia kwa mara ya kwanza tangu bodi ianze, ushauri ukatoka wa maana, na kikao kilichofuata wajumbe wakapitisha kwamba mtandao "haufai kwa masuala nyeti". Jaza mwenyewe.

Mchumi_Kinda

Wakuu nimerudi, nimekaa nimefumua yote upya angalieni.

Kiwango nimeacha 250,000 kwanza mpaka nipate waraka, ikishuka kila kitu kinashuka. Dar usiku 1 kila mmoja, wengine wanne usiku 2, jumla usiku 10, hiyo ni 2,500,000. Nauli Dar 124,000, Arusha basi 70,000, Zanzibar boti na treni 132,000, Mwanza na Mbeya ndege 1,200,000. Kikao kimoja kinakuja 4,026,000. Vikao vinne 16,104,000. Vikao sita 24,156,000.

Ziara moja nimeibandika kwenye kikao ili wasisafirishwe mara mbili kuja Dodoma: wajumbe 9 usiku 3 ni 6,750,000, madereva wawili na watumishi wawili kwa wastani wa 150,000 ni 1,800,000, mafuta gari mbili kilomita 800 kila moja nimekadiria laki 7. Jumla 9,250,000.

Ukiweka vikao sita na ziara ni 33,406,000. Yani 40 ya bosi haikua ya ajabu kivile, sema hana karatasi. Roho imeniuma kidogo.

Mzee wa Akidi

Bosi ana karatasi, iko kichwani, ameshaona bodi tatu.

Usipeleke namba moja. Peleka 16.1 kama vikao vinne vya hati, 24.2 kama kukiwa na vya dharura, na ziara iwe shughuli yake peke yake ionekane, wakitaka kuikata waikate yenyewe wasikate vikao. Wakuulize 33 imetoka wapi uwe na mstari wa kuwaonesha. Hiyo 6.6 iliyobaki mpaka 40 muache bosi aielezee mwenyewe.

Mama Masurufu

Nakazia. Na usichanganye posho ya kikao humo, hiyo kifungu chake, wewe umeulizwa safari.

Kibajaji_Dom

Na wale watatu wa hapa Dodoma wanakujaje kikaoni? Au wanatembea kwa miguu kutoka Ihumwa?

Mchumi_Kinda

Dah. Nimewasahau tena. Narudi kwenye Excel.